Nani Kaoa, Nani Kaolewa: Namna ya Kusoma Nadharia ya Jinsia na Mapenzi ya Jinsia Moja

Watu hupenda kusema kwamba Kiswahili hakina jinsia. Ushahidi wao ni kiambishi a-: "anakuja" inamfaa mwanamume, inamfaa mwanamke, na msikilizaji haambiwi ni nani. Ni kweli. Lakini chukua kitenzi kimoja tu, kuoa. Juma ameoa. Asha ameolewa. Ukisema "Asha ameoa", watu watacheka, au watadhani ulimi umekuteleza. Wala hakuna kiambishi kilichokosewa: nafsi iko sawa, njeo iko sawa, upatanisho uko sawa. Kilichovunjwa ni kanuni nyingine kabisa, ambayo kila mzungumzaji anaijua tangu utotoni. Jinsia haikukaa kwenye nafsi. Imekaa kwenye kauli ya kitenzi: mmoja mtenda, mwingine mtendwa.

Naanzia hapo kwa makusudi. Wengi huifikia nadharia hii kwa Kiingereza au Kifaransa, wakajaza daftari maneno mazito, kisha wakashindwa kuonyesha kwa kidole jambo lenyewe liko wapi. Anayeweza kueleza kwa nini "Asha ameoa" inachekesha ameshaanza kazi. Yanayofuata ni namna ya kuiendeleza: kisomwe nini, kitangulie kipi, na wapi watu hukwama.

Jinsi, jinsia, mvuto

Kabla ya kitabu cha kwanza, tenganisha maneno matatu na uyashike hadi mwisho. Jinsi ni maumbile: kromosomu, homoni, viungo. Jinsia ni maana ambayo jamii imeyapa maumbile hayo, pamoja na kazi, mavazi, haki na matarajio yanayofuatia. Mvuto ni yule ambaye moyo na mwili vinamwelekea. Lugha ya kila siku huyachanganya yote matatu. Tunasema "mapenzi ya jinsia moja" ilhali kwa mgawanyo huu tungesema "ya jinsi moja", na fomu nyingi huuliza jinsia zikitaka kujua jinsi. Hakuna haja ya kupigana na msemo uliokwisha kuzoeleka, na humu nautumia vilevile. Cha lazima ni kujua, kila unapokutana na neno, ni kipi kati ya vitatu kinachosemwa. Mwanamume mwenye sauti nyororo hajatuambia lolote kuhusu anayempenda, na anayedhani ametuambia ameruka kutoka jinsia hadi mvuto bila daraja.

Mgawanyo wenyewe una historia inayoshangaza. Haukuanzia kwa watetezi wa haki za wanawake. Ulianzia hospitalini. Mwaka 1955 John Money, aliyekuwa akichunguza watoto waliozaliwa na maumbile yasiyo bayana ya kike wala ya kiume, alianza kuzungumzia wajibu wa kijinsia ambao mtu anaishi nao, mbali na mwili wake. Robert Stoller, tabibu wa akili, akaupanua mgawanyo huo katika kitabu cha 1968, na mwaka 1972 Ann Oakley akauingiza katika sosholojia ya kifeministi. Kwa hiyo chombo ambacho wanawake walikitumia kudai kwamba maumbile si majaaliwa kilikuwa kimefuliwa kwanza na madaktari waliotaka kuamua mtoto alelewe vipi.

Na ni hospitalini humohumo kilikopata ufa. Mwaka 1990 Suzanne Kessler alichapisha utafiti mdogo, mahojiano na wataalamu sita tu wa tiba, juu ya namna watoto wa aina hiyo walivyoshughulikiwa. Madaktari, aliona, walimpangia mtoto upande kwa kuangalia kama viungo vyake vingeonekana vya kawaida baada ya upasuaji, kisha wakawaeleza wazazi kwamba jinsi yake ya kweli imejulikana. Uamuzi ulitamkwa kama ugunduzi. Usome utafiti huo taratibu, kwa sababu unaharibu picha rahisi ambayo wengi huanza nayo, kwamba jinsi ni msingi mtupu na jinsia ni ghorofa iliyojengwa juu yake. Matarajio ya jamii yalikuwa yameshaingia chumba cha upasuaji kabla mtoto hajapewa jina.

Kama una nafasi ya makala moja tu kwa sehemu hii, iwe ya Candace West na Don Zimmerman ya 1987. Haifiki kurasa 30. Wao waliongeza kiungo cha tatu katikati: jinsi, kundi la jinsi, na jinsia. Njiani hatukagui maumbile ya mtu. Tunamweka kundini kwa ishara tu, nguo, mwendo, nywele, na tunaendelea na safari. Jinsia, kwao, ni kazi isiyokoma ya kutenda mambo kwa namna ambayo mtu akihojiwa ataonekana anastahili kundi alilowekwa. Uzito wote uko kwenye kule kuhojiwa. Mwanamke anayekataa kufanya yaliyotarajiwa kwake hajatoka kwenye jinsia, maana ataulizwa palepale: "Wewe mwanamke gani?" Swali hilo la maneno matatu linabeba makala nzima. Aulizwaye hivyo bado anapimwa kwa kipimo kilekile, na ndiyo sababu huwezi tu kuacha "kufanya" jinsia ukaenda zako.

Kujengwa si kubuniwa

Neno "ujenzi" limewapotosha wasomaji kuliko neno jingine lolote la somo hili. Mtu anasikia "jinsia imejengwa na jamii", moyoni anatafsiri "jinsia ni uongo", kisha ama anakasirika, maana anajua inavyouma, ama anafurahi akidhani ataivua kama koti. Wote wawili wamesoma vibaya. Noti ya benki ni karatasi. Thamani yake imejengwa na jamii mwanzo hadi mwisho, na ukiikosa utalala njaa. Kitu kikiwa kimejengwa, maana yake kina waliokijenga, kina wakati kilipojengwa, kina vifaa, na kinahitaji ukarabati wa kila siku ili kisimame. Hayo manne ndiyo ya kutafuta katika kila andiko. Mwandishi asiyekuonyesha hata moja kati yake anapiga kelele tu.

Ian Hacking, mwanafalsafa, aliandika mwaka 1999 kitabu kizima cha kuuliza ni kipi hasa kinachodaiwa kujengwa. Alitenganisha ngazi za madai. Ya kwanza, kitu fulani kinachukuliwa kana kwamba hakikwepeki. Ya pili, hakikuwa lazima kiwepo, wala kiwe kilivyo. Ya tatu, kilivyo ni kibaya. Ya nne, tungekuwa afadhali kama kingeondolewa au kugeuzwa kabisa. Mtu anaweza kusimama ya pili akakataa ya tatu. Unaposoma, andika pembeni namba ya ngazi ambayo mwandishi amefika, kila aya. Mabishano mengi ya darasani hufa hapo, kwa sababu mmoja alikuwa ngazi ya pili na mwenzake akamjibu kana kwamba yuko ya nne.

Liko pia suala la "kuzaliwa hivyo". Mjadala wa kama mtu huzaliwa na mvuto alio nao au huupata baadaye ni swali juu ya mtu mmoja: nini kimemfanya awe alivyo. Nadharia ya ujenzi inauliza jingine: imekuwaje jamii ikawa na masanduku haya mawili au matatu ya kuwapanga watu, isiwe na mengine? Hata kesho wanasayansi wakipata jibu kamili la swali la kwanza, la pili litabaki palepale. Tena, masanduku kuwa yamejengwa hakumaanishi kwamba aliyemo ndani amechagua kuwemo, wala kwamba anaweza kushawishiwa atoke. Nalisisitiza hili kwa sababu kuna wanaoinyakua nadharia hii ili kuhalalisha "tiba" za kuwageuza watu. Hiyo ni dhuluma kwa watu na kwa maandiko pia.

Jina la 1869

Neno "homoseksuali" lilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1869, kwa Kijerumani, katika vijitabu vya Karl-Maria Kertbeny. Hakuwa daktari. Alikuwa mwandishi aliyekuwa akipinga kifungu cha sheria ya Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, kilichowaadhibu wanaume kwa mapenzi ya jinsia moja. Mwaka mmoja kabla, neno lilikuwa tayari limo katika barua yake kwa Karl Heinrich Ulrichs, mwanasheria ambaye mwaka 1867 alisimama katika mkutano wa wanasheria mjini Munich kutetea jambo hilohilo, akapigiwa kelele hata hakuweza kumaliza. Jina lililokuja kuwa la ugonjwa, basi, lilizaliwa kama jina la utetezi. Madaktari walilichukua baadaye, na ilichukua muda mrefu kuliondoa kwao: chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliufuta "ugonjwa" huo mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani mwaka 1990.

Jozi ya neno hilo ina kisa chenye mafunzo zaidi, na mwanahistoria Jonathan Ned Katz ndiye aliyekifukua. "Heteroseksuali" nalo limo katika barua ya Kertbeny. Lilipoingia katika maandishi ya kitabibu ya Marekani mwaka 1892, lilitaja hali isiyo ya kawaida. Kamusi kubwa ya Webster ya 1923 bado ililieleza kuwa ashiki ya kiugonjwa kwa mtu wa jinsi nyingine. Toleo la 1934 likasema ni ashiki ya kawaida. Miaka 11 tu. Walichokuwa wakifanya watu vyumbani mwao hakikubadilika kwa sababu ya kamusi, lakini kiti cha ukawaida kilikuwa kimepata mwenyewe, mwenye jina. Ukitaka kumweleza mtu kwa dakika mbili kwamba hata kundi la wengi limejengwa, mpe kisa hiki. Ule mfano maarufu wa rangi za nguo za watoto, kwamba zamani waridi ilikuwa ya wavulana na buluu ya wasichana, uache, ushahidi wake unabishaniwa.

Michel Foucault, mwanafalsafa wa Ufaransa, mwaka 1976 aliyaunganisha mambo haya katika hoja inayonukuliwa kuliko zote: zamani sheria ilikataza tendo, na aliyelitenda alikuwa mkosaji wa tendo hilo basi, karne ya 19 ikamgeuza kuwa aina ya mtu, mwenye utoto wake, tabia yake, hata umbo lake. Ukiwa unasoma kwa Kiswahili, umbo la hoja hii lipo katika viambishi vyetu. Kusaga ni kitendo. Weka m- mbele na -ji nyuma, upate msagaji: sasa kitendo kimekuwa mtu. Ni mtindo uleule wa msomaji na mchezaji, tendo likiwa ndiyo sifa inayomtambulisha mtu mzima. Lakini tahadhari. Viambishi hivi huzaa nomino za kila namna na havithibitishi lolote kuhusu historia. Vinasaidia kuona hoja inavyokaa, havisaidii kuitetea.

Na maneno haya yanaumiza. "Msagaji" husemwa zaidi kwa kudhalilisha. "Shoga" wanawake huitana wao kwa wao kwa mapenzi ya urafiki, na neno hilohilo mwanamume akirushiwa ni tusi. Katika maandishi yako mwenyewe, andika mwanamume anayependa wanaume, mwanamke anayependa wanawake. Ni ndefu, lakini haimhukumu mtu kabla hoja haijaanza. Unaponukuu, nukuu neno lilivyotumika, maana historia ya tusi nayo ni sehemu ya somo.

Kosa la hapa lina pande mbili. Upande mmoja, mtu anachukua jina la 1869 analivika watu wa kale kana kwamba wangelijibu. Upande wa pili, mtu anasema kabla ya 1869 hapakuwa na wanaume waliopenda wanaume, jambo ambalo Foucault hakulisema. Mjadala wenyewe umefanywa na watu makini. Mary McIntosh, mwaka 1968, miaka minane kabla ya Foucault, alikwisha kuandika kwamba tuache kutafuta chanzo cha "hali" hii na tuchunguze wajibu ambao jamii inampa anayeitwa hivyo. Makala yake ni fupi na ya wazi, na ni dhuluma kwamba haisomwi sana. John Boswell, mwaka 1980, aliandika historia ndefu ya Ulaya ya Kikristo akiamini kwamba watu wa aina hii wametambulikana nyakati zote. David Halperin akampinga mwaka 1990 kwa kutumia Wagiriki, akionyesha kwamba kwao kilichohesabiwa ni nani yuko juu kwa hadhi na umri, kabla ya swali la jinsi ya mwenzake. Kisha George Chauncey, mwaka 1994, akaonyesha kwamba New York ya mwanzo wa karne ya 20, wanaume wengi wa tabaka la wafanyakazi waliweza kulala na wanaume waliojiweka kike na bado wakahesabiwa wanaume wa kawaida, mradi wao wenyewe walishika upande wa kiume. Madaktari walikuwa na kundi lao jipya vitabuni, mtaa ulikuwa na makundi yake, na yote mawili yaliishi pamoja kwa miongo. Tarehe moja ya kuzaliwa haipo.

Wanawake wanaorukwa

Mitaala mingi hutoka kwa Foucault na kuruka hadi kwa Judith Butler, mwanafalsafa wa Marekani tutakayemfikia mwishoni. Katikati wamebaki wanawake waliobeba kazi nzito kuliko wote, na wengi wao ni wanawake waliopenda wanawake. Hili ndilo pengo linaloniudhi zaidi, na si kwa sababu ya heshima tu. Ukiwaruka hutaelewa Butler anabishana na nani.

Anza na Gayle Rubin, 1975. Alimchukua mwanaanthropolojia Claude Lévi-Strauss, aliyeeleza undugu kuwa ni ubadilishanaji wa wanawake kati ya koo, akamuuliza swali ambalo Lévi-Strauss hakujiuliza: kama wanaume ndio wanaotoa na kupokea, mwanamke anabaki nini? Anabaki zawadi. Sasa rudi kwenye kitenzi chetu. Baba anaoza. Mume anaoa. Binti anaolewa. Mzizi mmoja, watu watatu, na mmoja tu ndiye asiye mtenda. Makala ya Rubin ni ndefu na ina sehemu ngumu ya Freud na Lacan, wachambuzi wa nafsi, lakini msomaji wa Kiswahili anaingia akiwa na hoja yake kuu mdomoni tayari. Hoja ya pili ndiyo inayotuleta kwenye mapenzi: ubadilishanaji huo hauwezi kwenda bila kuhakikisha kwamba kila mwanamke ataelekea kwa mwanamume. Kukataza mapenzi ya jinsia moja na kumweka mwanamke chini ni kazi ya mtambo mmoja.

Adrienne Rich, 1980, alilishika hilo akaligeuza. Kwa nini tunauliza kilichomfanya mwanamke apende wanawake, na hatuulizi ni nguvu ngapi hutumika kuwafanya wengine wote waelekee kwa wanaume? Akaorodhesha nguvu hizo: sheria, mshahara mdogo, ukatili, ukimya. Dhana yake ya mwendelezo, inayomweka humo hata mwanamke ambaye hajawahi kulala na mwanamke ila ameishi kwa kuwategemea na kuwapenda wanawake, ndiyo iliyokosolewa zaidi. Ukosoaji ni wa haki. Ukiupanua mduara kiasi hicho, ashiki inapotea ndani yake. Hata hivyo swali lake la kwanza bado halijajibiwa na mtu.

Monique Wittig, mwandishi wa Ufaransa, huwakasirisha wasomaji kwa sentensi aliyofungia mhadhara wake wa 1978: kwamba wanawake wanaopenda wanawake si wanawake. Hakuna tusi hapo. Kwake "mwanamke" ni nafasi, kama "mtumwa" ni nafasi, na nafasi hiyo ina maana tu mbele ya mwanamume. Anayekataa uhusiano huo ametoka kwenye nafasi. Msomaji wa Kiswahili atavutwa kusema: bila shaka, angalia, mwanamke ni mwana na mke! Taratibu. Mzizi -ke ni wa uke kwa jumla, kama -ume ulivyo wa uume, ndiyo maana tunasema -a kike na mkono wa kuume, na maana ya mke wa ndoa ni tawi lake moja. Asili ya neno haithibitishi muundo wa jamii. Inachoruhusu ni kuuliza kwa nini neno moja linatosha kwa yote mawili bila mtu kuona ajabu.

Kundi la Combahee River, wanawake Weusi wa Boston, walitoa tamko lao mwaka 1977, na insha za Audre Lorde, mshairi Mweusi wa Marekani, zilikusanywa mwaka 1984. Wao walionyesha kwamba "mwanamke" wa wenzao weupe alikuwa na rangi na tabaka bila kutajwa. Kimberlé Crenshaw alikuja kulipa jambo hilo jina la makutano mwaka 1989, yaani rangi, jinsia na tabaka vinapokutana juu ya mtu mmoja, lakini kazi ilikuwa imeanza kabla ya jina. Rubin mwenyewe, mwaka 1984, aliandika upya: ashiki inahitaji nadharia yake, haiwezi kuelezwa yote kupitia jinsia. Soma makala zake mbili kwa kufuatana. Ni nadra kuona mwanafikra akijisahihisha hadharani kwa uwazi hivyo.

Mume wa kike wa Nnobi

Sasa jaribio gumu. Ifi Amadiume, 1987, alieleza jamii ya Waigbo wa Nnobi, Nigeria, ambako mwanamke aliweza kuoa mke, akawa mume kwa haki zote za mume, na binti aliweza kuwekwa nafasi ya mwana wa kiume katika ukoo. Wasomaji wa Magharibi walikimbilia kusema hayo ni mapenzi ya jinsia moja. Amadiume alikataa kwa nguvu. Ndoa hizo zilihusu mali, kazi na uzao. Hapa ndipo mgawanyo wa mwanzo unapolipa: jinsi ya kike, jinsia ya mume, na kuhusu mvuto hatujaambiwa kitu. Na tazama kitenzi. Huko Nnobi mwanamke ameoa, na hakuna wa kucheka.

Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, 1997, alikwenda mbali zaidi. Kwa Wayoruba wa Nigeria wa kabla ya ukoloni, anasema, mpangilio mkuu ulikuwa umri na nani amewahi kuingia ukooni, na kundi la "wanawake" kama tunavyolijua lililetwa. Ushahidi wake mkubwa ni lugha: viwakilishi havina jinsia, na neno linalotafsiriwa "mume" humjumuisha pia dada wa mume mbele ya mke aliyeolewa ukooni. Wakosoaji wamejibu kwamba lugha kukosa alama si ushahidi kwamba maisha hayakuwa nayo. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuushuhudia uzito wa jibu hilo, kwa kuwa lugha yake haina kiwakilishi cha kike na bado inajua fika nani anaolewa. Lakini asimwache Oyěwùmí. Onyo lake, kwamba dhana zilizotengenezwa mahali pamoja husafiri zikijifanya za dunia nzima, linamhusu kila mwandishi niliyemtaja hapo juu.

Butler bila kuvunjika moyo

Usianze na kitabu chake cha 1990, Gender Trouble. Judith Butler alichapisha mwaka 1988, katika jarida la masuala ya tamthilia, makala ya kurasa 13 yenye kiini cha hoja yote. Isome mara tatu. Mara ya kwanza bila kalamu, moja kwa moja hadi mwisho. Ya pili, andika kando ya kila aya sentensi moja ya Kiswahili inayosema aya inafanya nini. Ya tatu, tafuta mahali ulipokosea. Kisha soma dibaji aliyoiongeza mwaka 1999, halafu sehemu ya mwisho ya sura ya tatu ya kitabu, ndipo urudi sura ya kwanza.

Tatizo kubwa ni sauti. Butler hueleza mawazo ya Wittig, Freud, Lacan au Foucault kwa kurasa nzima kabla ya kuyapinga, na msomaji humnukuu akisema aliyokuwa akiyakanusha. Tumia kalamu mbili: rangi moja kwa anayosimulia, nyingine kwa yake. Sura ya kwanza itakuwa na rangi yako ya pili kidogo sana, na hapo utajua kwa nini ulichanganyikiwa.

Kosa la pili ni kudhani anasema jinsia ni maigizo ambayo mtu huyachagua asubuhi. Chanzo cha hoja yake ni J. L. Austin, mwanafalsafa wa lugha, aliyeonyesha kwamba maneno mengine hayaelezi jambo, yanalitenda. Mwenyekiti akisema "nafungua mkutano", mkutano umefunguliwa. Mkunga akisema "ni mtoto wa kike", anaonekana kueleza alichokiona, kumbe ameanzisha mlolongo wa jina, nguo, makatazo na matarajio ambao mtoto hakuulizwa. Tamko hilo litarudiwa kila siku kwa namna elfu, na mwili utalirudia wenyewe. Hakuna mwigizaji aliyesimama nyuma ya pazia akichagua vazi, kwa sababu huyo "mimi" anayedhaniwa kuchagua amefinyangwa na marudio hayohayo. Uhuru uliopo uko kwenye ufa mdogo: linalorudiwa halirudiwi sawasawa kila mara. Alijibu kosa hili kwa kirefu katika kitabu cha 1993.

Wasome na wapinzani. Martha Nussbaum, 1999, alimshambulia kwa ugumu wa lugha na kwa siasa isiyomsaidia mwanamke mwenye njaa. Jay Prosser, 1998, alisema nadharia hiyo inapita juu ya watu waliobadili jinsi, ambao hitaji lao la mwili ni la kweli kabisa. La Prosser naliona zito zaidi.

Kuhusu Eve Sedgwick, mhakiki wa fasihi wa Marekani, nitasema machache. Utangulizi wa kitabu chake cha 1990 una kanuni saba, na ya kwanza, kwamba watu wanatofautiana, ni rahisi kuisoma na ngumu kuifuata. Jina "nadharia ya kwia" (queer kwa Kiingereza), yaani nadharia inayohoji mpaka wa kawaida na isiyo kawaida katika jinsia na mapenzi, nalo lilipendekezwa na Teresa de Lauretis katika mkutano wa 1990 huko Santa Cruz, California, na kufikia 1994 alikuwa ameshalitupa, akiona soko la vitabu limelikausha maana. Usilitumie kama mwavuli wa kila kitu.

Ratiba ya majuma 12

Kurasa 20 hadi 40 kwa juma zinatosha. Zaidi ya hapo utasoma kwa macho tu. West na Zimmerman juma la kwanza, Kessler la pili, McIntosh la tatu, sehemu ya pili ya Foucault la nne. Rubin wa 1975, Rich, Wittig, kisha Lorde pamoja na tamko la Combahee: majuma manne, usipunguze. Rubin wa 1984 la tisa. La kumi Amadiume na Oyěwùmí, sura moja moja. Mawili ya mwisho ya Butler.

Daftari liwe na safu nne: dhana, swali inalojibu, nani anapingwa, na jaribio lako la kuisema kwa Kiswahili. Safu ya nne ndiyo kipimo. Ikibaki tupu, hujaelewa, hata kama unaweza kunukuu. Mkisoma kikundi, muwe wanne hadi sita, na mkubaliane mapema kwamba hakuna atakayeombwa kuwa mfano. Mtu akijieleza kwa hiari yake, sawa. Kumgeukia na kumuuliza "wewe je?" ni kumtendea hasa yale West na Zimmerman waliyoyaeleza.

Kazi ya juma la 12 ni kurasa mbili juu ya neno moja. Kiswahili kinayo kauli ya kutendana: wameoana. Husemwa hata kwa mwanamume na mwanamke, na ndani yake hakuna mtenda wala mtendwa. Chukua sentensi "Asha na Amina wameoana". Onyesha ni kipi Rubin angesema kimebadilika na kipi kimebaki, Wittig angeuliza nini kuhusu ndoa yenyewe, Amadiume angetaka kujua nini kabla ya kusema hayo ni mapenzi, na Butler angesikiliza marudio gani. Kisha eleza kwa nini wasikilizaji wengine, wakishaisikia sentensi hiyo, bado watauliza: "Sasa nani kaoa, nani kaolewa?"